Makuti Juu ya Benchi la Wazee

Nilirudi kwetu, kijiji kilicho nyuma ya Msambweni, kwa sababu binamu yangu alinipigia simu kwamba wanataka kubomoa jiko la bibi. Nikamwambia asiguse kitu mpaka nifike. Siku hizi naishi Ukunda, mahali ambapo ukimwamkia mtu shikamoo anageuka kuangalia kama unamsemesha yeye au mtu mwingine. Safari yenyewe si ndefu, ila sikuwa nimeikanyaga njia ile tangu tulipomzika bibi. Nina sababu yangu, nayo si nzuri, na sina nia ya kukupambia.

Jiko lilikuwa limeegemea upande mmoja, udongo umebanduka ukutani, lakini mafiga yako palepale. Niliinua macho juu ya mafiga, kwenye uchaga ambapo bibi alikuwa akiweka mahindi ya mbegu na papa mkavu wa kutoka Majoreni, nikaona kitita cha makuti kimefungwa kwa kamba, cheusi tititi kwa masizi. Nikakishusha. Masizi yaliniingia puani pamoja na harufu ya moshi wa vifuu, na papo hapo nikawa mtoto wa darasa la nne, nimekasirika.

Kama hukulelewa pwani, acha nikueleze kidogo. Kuti la kuezekea halitoki mtini likiwa tayari. Bibi alikuwa akiokota makuti yaliyokauka na kuanguka, anayaloweka dimbwini mpaka yalainike, kisha anachambua majani, anayakunja moja moja juu ya fito na kuyashona kwa kamba nyembamba ya ukindu. Jani hupandana na jani, likabanwa sawasawa, hata ukiliinua kuti juani usione mwanga. Kazi yangu ilikuwa kuloweka na kumpa majani mkononi bila yeye kugeuka. Vidole vyangu vilinuka maji ya dimbwi hadi darasani, wenzangu wakanicheka, nami nikawaacha wacheke kwa sababu nyumbani kwao hakukuwa na mtu wa kushona kama bibi yangu.

Sisi Wakristo tulikuwa wachache pale. Adhana ya alfajiri ndiyo iliyotuamsha sote. Bibi alikuwa akiisikia anaketi kitandani na kuomba, na nikimuuliza mbona mapema hivi, anasema wakiamka wao naye ataamka, Mungu asije akadhani Wakristo ni wavivu. Jirani yetu, mama wa Kiislamu ambaye ua wake na wetu ulitenganishwa kwa makuti tu, alikuwa akimsikia na kucheka huku anatawadha. Wakati wa Ramadhani sahani ya futari ilipita juu ya ua ule kuja kwetu, na sikukuu ya Krismasi sahani ileile ilirudi na pilau.

Na sauti ya nyumba yetu ilikuwa mbuzi. Si mbuzi wa miguu minne, yule wa kukunia nazi. Kila alasiri bibi alimkalia, khwaru khwaru khwaru, huku akiimba tenzi kwa pua, nazi nyeupe ikianguka kwenye sahani ya bati. Mbaazi zilipikwa kwa tui, muhogo kwa tui, mchicha kwa tui, na wali ukiwepo ulipikwa kwa tui hata ukoko wake tukaugombania. Machicha walipewa kuku. Vifuu vilikwenda motoni. Sikujua kwamba kuna watu duniani wanaokula mboga bila nazi mpaka tulipokuwa sisi.

Minazi hiyo ilipandwa na babu. Kwetu ardhi ni kitu kimoja na mnazi ni kitu kingine. Mnazi ni wa aliyeupanda, na akifa ni wa watu wake, hata kama umesimama kwenye shamba la mtu mwingine. Hili halikuandikwa popote wala halikuhitaji kuandikwa, kila mtu alilijua tangu akiwa anatambaa. Babu alipokufa, shamba la ukoo likaenda kwa mdogo wake kama ilivyopasa, na minazi ikabaki ya bibi kama ilivyopasa. Huyo mdogo wake alikuwa mzee wa kanisa letu. Ningepaswa kumwita babu mdogo hapa, lakini sitamwita hivyo. Nitamwita mzee wa kanisa, kwa kuwa hicho ndicho cheo alichokipenda.

Alivaa koti hata jua la saa nane. Alikuwa na kipara cha kung'aa na sauti ya kusoma Maandiko ambayo iliwafanya watu wanyamaze. Kanisani alikaa mbele, mwisho wa kulia wa benchi la wazee, ukingoni kwa mimbari, na mahali pale palikuwa pake kiasi kwamba siku akiumwa hapana aliyethubutu kupakalia.

Asubuhi moja mkwezi alikuja kuangua nazi. Bibi alimsikia mnazini akatoka na vikapu kama kawaida, akamwamkia, akauliza habari za watoto. Mkwezi akashuka hamwangalii usoni. Nazi zikapakiwa kwenye mkokoteni na mkokoteni ukaelekea ua wa mzee wa kanisa. Bibi alifuata nyuma yake na vikapu vyake vitupu mkononi, mimi nyuma ya bibi.

"Shemeji," akasema alipofika, "mkwezi amepotea njia."

Mzee wa kanisa alikuwa anakunywa chai. Hakumkaribisha kiti. Alimwambia kwa upole sana, upole ambao hadi leo ukinijia natamani kuupiga teke, kwamba mambo ya minazi kuwa ya huyu na ardhi kuwa ya yule ni mila za kabla ya Injili. Mtu akiwa ndani ya Kristo ni kiumbe kipya, ya kale yamepita. Shamba ni langu, shemeji, akasema, na kilichosimama juu ya shamba ni changu. Neno la Mungu zima, lililoandikwa kumfanya mtu awe mpya, yeye alilitumia kuangulia nazi.

Wazee wa kijiji wangelimaliza jambo lile kwa kikao kimoja, na alijua. Ndiyo maana akasema Wakristo hawahukumiwi nje, akalipeleka kanisani. Na kanisani, ambako yeye ndiye aliyefungua kikao kwa sala, wakaamua kwamba bibi asamehe.

Basi tukaanza kula chukuchuku. Mbaazi zilizochemshwa kwa maji na chumvi. Mchicha uliochemshwa kwa maji na chumvi. Sima ilipita kooni kwa kusukumwa. Alasiri jiko letu lilikuwa kimya, na upande wa pili wa mashamba, kwa mzee wa kanisa, nilimsikia mbuzi wao akikuna nazi zetu. Nilikuwa natega sikio makusudi ili niendelee kuchukia. Mara nyingine jirani yetu alipitisha nazi moja juu ya ua, ameifunika kwa kanga, na kumwambia bibi ameletewa nyingi, hazimalizi. Hakuwa ameletewa nyingi, na bibi alipokea bila kuuliza.

Kisha ikafika Jumapili ya Meza ya Bwana. Desturi ya kanisa letu ilikuwa kwamba wenye ugomvi washikane mikono mbele ya watu kabla ya kukaribia mkate. Mchungaji akamwita mzee wa kanisa, akamwita bibi. Mzee wa kanisa akasimama, akanyoosha mkono, anatabasamu. Mkono uliokuwa umenona, nadhani kwa tui letu. Bibi aliutazama, akakunja mikono yake ndani ya kanga.

"Mchungaji," akasema, na kanisa lote likasikia, "ulitufundisha mwenyewe. Mtu akileta sadaka yake akakumbuka kwamba mwenzake ana neno naye, aiache pale, aende kwanza akapatane. Yeye ndiye mwenye cha kukumbuka. Mimi niko nyumbani, mlango uko wazi. Huu mkono anaonipa ni mtupu."

Mchungaji hakupenda. Alikuwa mtu wa bara, mgeni kwetu, na kitu kilichomtisha kuliko vyote ni waumini kupasuka makundi mawili. Akatamka kwamba mama asiyetaka kusamehe hawezi kula mkate wa Bwana, akae nje mpaka moyo wake ulainike. Bibi akatoka. Nami nikatoka, ingawa hapana aliyenifukuza. Tangu siku ile, kila Jumapili ya Meza, waumini walipoanza wimbo wa mkate, yeye alikuwa akisimama na kwenda kuketi nje chini ya upenu, mgongo ukutani, karibu na dirisha. Aliufuata wimbo kwa mdomo uliofungwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa mapajani, kiganja juu, kama wa mtu anayengoja kupewa. Nilimwona hivyo, ndugu yangu, na naomba usiniambie habari za kusahau.

Jambo moja mzee wa kanisa hakuweza kulichukua. Kuti likishaanguka chini ni la mwanamke aliyeliokota, na hata yeye hakuthubutu kuwakataza wanawake wa kijiji kizima. Kwa hiyo bibi alikuwa akiingia shambani na kuokota makuti yaliyoanguka ya minazi ya mumewe mwenyewe. Kwa makuti hayo tukaishi. Wajenzi wa Diani walitaka makuti ya mahoteli, na waliopajua kwetu walikuja wenyewe.

Halafu paa la kanisa likachoka. Wanawake wakagawana kazi, kila mmoja ashone sehemu yake, na kwa kuwa hapakuwa na mshonaji wa kumshinda bibi, wakampa sehemu ya mbele, juu ya mimbari na benchi la wazee. Hata mzee wa kanisa, aliyesimamia ujenzi, alikubali. Nadhani aliona ni dalili kwamba moyo unalainika.

Tulikaa chini ya upenu wa jiko, mimi nampa majani, yeye anashona. Makuti ya juu ya mimbari aliyashona kama nguo ya harusi. Kisha akasogeza rundo jingine, la makuti machanga ambayo hayajakomaa, yale ambayo siku zote alinifokea nikiyaokota kwa sababu huoza upesi na wadudu huyapenda. Akaanza kuyashona. Nikampa jani, akashona. Nikampa jani, akaliacha, akaruka, akachukua la mbele.

"Bibi, hapo umeruka."

"Nimeona."

Nikaendelea kumpa majani. Alipomaliza fungu lile alichukua makuti bora kuliko yote, yaliyokomaa na kukauka vizuri, akashona fungu jingine la ukubwa uleule. Aliyabana majani hata vidole vikamtoka damu. Haya hakuyapeleka kanisani. Aliyafunga kitita akayapandisha kwenye uchaga juu ya mafiga, mahali ambapo moshi huyalinda na wadudu. Nilimuuliza ni ya nani. Akasema ni ya shemeji, yanamngoja, akija atayakuta tayari.

Siku ya kuezeka bibi ndiye aliyempa fundi makuti, moja moja. Fundi alipofika kwenye fungu la makuti machanga aliliinua moja juani. Mwanga ukapita. Alimtazama bibi. Bibi alimwambia hayo ni ya pale mwisho wa kulia, juu ya benchi la wazee. Fundi akakohoa, akaliweka begani, akapanda ngazi. Naye mbaazi zake alikuwa amezila kwetu miaka mingi, zikiwa na tui.

Nikwambie furaha ya kungoja masika? Watoto wengine walingoja mvua ili wacheze kwenye madimbwi. Mimi nilikuwa nautazama utosi wa mzee wa kanisa kila Jumapili na kuuahidi mambo. Mvua ilipokuja ilikuja Jumapili, katikati ya ibada, na mchungaji, naapa sijatia chumvi, alikuwa anahubiri jinsi Mungu anavyowanyeshea mvua wema na waovu bila kubagua. Paa lote likashika. Hakulowa mtu. Ila mwisho wa kulia wa benchi la wazee, tone la kwanza likaanguka katikati ya kile kipara, to! Akafuta kwa leso. Likaja la pili. Akainua macho juu. Likaja la tatu likamwingia jichoni.

Kanisa halikucheka. Lilifanya kitu kibaya zaidi, lilikohoa. Wanawake walikohoa wote, kanga mdomoni, mabega yanatikisika. Bibi peke yake hakukohoa. Alikuwa amefungua Maandiko yake na anafuatilia mahubiri kwa kidole.

Mzee wa kanisa angeweza kusogea. Lakini kusogea kungekuwa kukiri, na kukaa mbali na mimbari kungekuwa kushuka cheo. Akamwita fundi, fundi akasema makuti ya pale ni ya mama fulani, akipewa mengine na mama huyo atayafunga. Akawaomba wanawake wengine, kila mmoja akasema ana udhuru. Jumapili iliyofuata akaja na mwavuli. Ndiyo, ndani ya kanisa. Mzee wa kanisa, koti, miwani, Maandiko mapajani, na mwavuli mweusi umefunguliwa juu ya kichwa, wakati wazee wenzake wameketi wakavu. Watu wa makanisa mengine walianza kuja kusali kwetu ili waone. Nilikuwa nalala usiku nikiukumbuka mwavuli ule, nasinzia kwa furaha, na sijawahi kutubu kwa hilo.

Mchungaji akaja nyumbani. Alikaa kwenye kigoda jikoni, akakataa uji, akamwambia bibi kwamba anajua. Bibi hakukana. Akamwonyesha uchaga.

"Haya hapa, mchungaji. Nilishona siku moja na yale mabaya. Aje ayachukue yeye mwenyewe, aseme minazi ni ya nani, basi yaishe."

"Hiki ni kisasi, mama. Na kisasi Bwana amesema ni chake."

"Ndiyo chake. Mvua mimi siinyeshi. Alisema atalipa, hakusema hatatumia makuti yangu."

Mchungaji akapiga magoti kwa maneno, kama wasemavyo watu. Akamwahidi kwamba akiyatoa yale makuti leo, bila masharti, Jumapili ijayo atamrudisha Mezani. Nilimwona bibi akimeza mate. Alikuwa anautaka ule mkate kuliko nazi zote za pwani, na mimi nilijua, kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa naye chini ya upenu. Lakini akatikisa kichwa. Akasema msamaha ameshaushona, uko pale juu unapigwa moshi, kilichobaki ni mtu wa kuja kuuchukua, na yeye hawezi kumpelekea mtu kitu ambacho mtu huyo anasema hakihitaji.

Jirani yetu alikuwa amesikia yote kupitia ua. Mchungaji alipoondoka akasema kwao pia ni hivyo. Mungu humsamehe mja wake makosa mengi, lakini haki ya mtu haifutiki mpaka umfuate mwenyewe umwombe radhi. Bibi akajibu kwamba basi ajabu ni mzee wa kanisa kutofuata dini yoyote kati ya hizo mbili, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Mchungaji alimfikishia mzee wa kanisa maneno hayo, naye alikuja kwetu mara moja tu. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, nami nilikuwa napepeta mchele chini ya upenu. Akasimama nyuma ya ua, akakohoa, akauliza kama bibi yupo. Nikasema yupo. Ndani, bibi aliacha kuchochea moto, nikasikia anasogeza kigoda cha wageni. Mzee wa kanisa akanyoosha kiganja nje ya mwavuli, akaona mvua imekatika. Akafunga mwavuli, akasema atapita siku nyingine. Kiangazi kikaingia, na kwenye kiangazi hapana aliyekuwa na haja na makuti. Masika yaliyofuata akarudi na mwavuli wake kama kawaida.

Nilipokuwa nimemaliza shule bibi aliugua na hakuinuka tena. Aliomba mkate. Mchungaji, yule yule, akasema sharti linabaki, mkono kwa mkono, lakini si vigumu, mwite tu mzee. Nikatumwa mimi. Nilimkuta mzee wa kanisa chini ya kivuli cha nyumba yake anasukutua mdomo baada ya chakula cha mchana. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Nikamwambia bibi anakufa, anamngoja. Akatazama jua.

"Nitakuja jioni, likipoa."

Bibi alikufa alasiri, kiganja juu. Mazishini mzee wa kanisa ndiye aliyesoma Maandiko, kwa sauti ile, habari za kusameheana, na kwa kuwa jua lilikuwa kali alikuwa amefungua mwavuli. Nikahama, na sikurudi kijijini mpaka simu hii ya binamu. Nilimwomba Mungu amlipe, kwa maneno hayohayo, asubuhi na jioni, na sikutumia lugha ya mafumbo.

Basi hapo ndipo nilipokuwa, nimesimama katika jiko linalobomolewa, kitita mikononi, masizi usoni, niliposikia fimbo inagonga ukuta. Hodi. Sauti ilikuwa imepungua lakini niliijua. Amezeeka, amekonda, koti linamning'inia, jicho moja lina ukungu. Nikasema karibu kwa sababu nimelelewa. Kiti sikumpa.

"Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimesikia umekuja. Nimekuja kuchukua makuti yangu."

Nilicheka, na kicheko hakikuwa kizuri. Nilimwambia amechelewa, binamu ameniambia kanisa limejengwa upya na kuezekwa bati tangu mwaka jana, halivuji tena popote. Akasema anajua. Ndiyo maana amekuja sasa. Wakati ule, akasema, angekuja kwa sababu ya mvua.

Hilo sikulitegemea, na lilinikasirisha zaidi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu yule wa mwavuli. Nikamwambia bibi aliweka sharti, aseme minazi ilikuwa ya nani. Aliegemea fimbo akasema ilikuwa ya kaka yake, na baada ya kaka yake ilikuwa ya shemeji yake, na alijua siku ile mkwezi alipopanda, na alijua kila Jumapili, na iliyobaki ni yetu. Iliyobaki ni michache, tena mizee. Nikamwambia hivyo pia.

"Unisamehe, mjukuu wangu."

"Makuti nitakupa, babu, kwa sababu yeye alisema upewe. Msamaha mimi sina. Mwenyewe amelala pale nje."

Aliitikia kwa kichwa kana kwamba ndilo jibu alilolitarajia. Akaomba nimtwike. Nikamtwika. Bodaboda ya binamu yangu ilikuwa imesimama mlangoni na binamu alikuwa anaangalia, nami nilimkonyeza asithubutu kumpakia. Mzee wa kanisa akaenda kwa miguu, kitita kichwani, masizi yakimchuruzika shingoni kwa jasho, njia nzima, mbele ya watu waliotoka majumbani kutazama. Mchungaji yule wa zamani alipenda kuhubiri kwamba ukimtendea mema adui yako unampalia makaa ya moto kichwani. Makaa hayakuwepo, lakini masizi yake yalitosha, na nilitazama mpaka alipopotea penye kona.

Nilikusudia kuondoka kesho yake, lakini binamu akaniomba nibaki, Jumapili ni Meza ya Bwana. Nikabaki. Kanisa jipya, lililojengwa palepale pa zamani, ni zuri, usinielewe vibaya. Kuta za mawe, sakafu ya saruji, viti vya plastiki. Ila hakuna mwanamke aliyeshika jani ili lile paa liwepo. Bati halimjui mtu, linamfunika mwizi na aliyeibiwa sawasawa. Ua wa jirani yetu siku hizi ni ukuta wenye chupa zilizovunjika juu yake, na hapana sahani inayoweza kupita. Mbuzi wa kukunia nazi nilimwona kwa binamu, amewekwa kuzuia mlango usifungwe na upepo, na tui wananunua kwenye pakiti. Fundi amekufa, na watoto waliobaki hawajui kuti changa na kuti lililokomaa, wala hawana haja ya kujua.

Ulipoanza wimbo wa mkate, mzee wa kanisa alisimama pale mbele, mwisho wa kulia. Alikuwa na nazi mbili za sadaka. Akaziweka chini mbele ya Meza, akageuka, akapita katikati yetu kwa fimbo yake, akatoka nje. Mchungaji mpya, kijana, alimwangalia bila kuelewa, lakini wazee wachache tuliobaki nao walielewa wakainamisha vichwa. Nikageuka dirishani. Bati lile limekatwa karibu na ukuta, halina upenu, lakini palepale bibi alipokuwa akiketi mtu alikuwa amefunga fito na kuezeka kibanda kidogo cha makuti meusi. Mzee wa kanisa akaketi chini yake, mgongo ukutani.

Mvua ikaanza. Bati likapiga kelele hata mchungaji akanyamaza, tukabaki tumekaa, kila mtu na kipande chake cha mkate. Changu nilikuwa nimekishika, sijakipeleka mdomoni. Nilikuwa nautazama utosi wake kama nilivyoutazama utotoni, nikingoja tone moja tu limwangukie. Mvua ilinyesha mpaka ikakatika. Halikuanguka hata moja. Bibi alikuwa ameyashona kweli kweli.